Kukabidhi Mizani

Mnada wa mwisho umepita, ghala limebaki na vumbi
na harufu ya magunia ya katani.
Nimemwita Likokola, kijana wa kidato cha nne,
nimemwonyesha mizani na tabia zake:
asubuhi hudanganya gramu mia mbili
mpaka uigonge ubavuni kwa kiganja,
mara moja, si kwa hasira.
Mkulima akikukazia macho, mpishe asome mwenyewe.
Akija mtu na bahasha, mwambie karani hayupo.
Na kweli hatakuwepo.

Begi langu nimelipandisha pale pale
zilipopanda korosho za Naipanga na Ruponda.
Kilo ishirini na sita. Ndege inataka ishirini na tatu.
Nikatoa sufuria. Nikatoa nusu ya unga wa muhogo.
Nusu iliyobaki siitoi, hata wanipime mimi.

"Somoe, unamfuata nani huko?"
waliniuliza kwenye kikoba, wakihesabu hisa zangu.
"Siku saba garini, usiku na mchana, nchi ile ile haiishi,
theluji dirishani, na bado umelipa!"
Nimelipa. Misimu minne ya korosho
na kale kashamba ka ufuta ka Mkotokuyana.
Simfuati mtu.

Baba alifunga mataruma hapa Nachingwea,
karanga za Mzungu zikisubiriwa, zisije.
Kisha akaitwa kuyang'oa, mikono ile ile,
ujira pungufu.
Kilichobaki ni kipande cha chuma, urefu wa mkono,
kinachoning'inia kwenye mkorosho wa shule.
Hicho ndicho kilichoniita mstarini miaka saba,
kikanitoa mapumziko, kikanirudisha nyumbani.
Reli nimeisikia utoto wote.
Kupita juu yake, bado.

Nyumba nayo inataka kukabidhiwa.
Luku nimenunua ya miezi miwili;
tarakimu zote ishirini nimeziandika kwa mkaa nyuma ya mlango,
nisije kuambiwa karatasi imeliwa na panya.
Bati la uani nimeliziba kwa lami.
Kuku wanane wako kwa Bi Asumini, mayai nusu kwa nusu,
yule koo mwekundu asichinjwe
hata afike mgeni wa namna gani.
Palizi nimelipa nusu, nusu wataiona magugu yakiisha.
Deni la sabuni dukani kwa Chitanda nimelifuta.
Ninaowadai mimi sijawagusa:
wao ndio hawatanisahau.

Koti ni la mtumba, nimelipata Masasi.
Mfukoni lilikuwa na tiketi,
maandishi ya nchi nisiyoijua, imetobolewa mara mbili.
Nimeiacha humo humo.

Mume wangu Nampoto hajalalamika.
Ameanza kufagia
kwa namna ya mtu anayetaka aonekane akifagia.
Usiku ananiuliza, eti choo cha treni kikoje,
eti mtu hulalaje kitanda kikitembea.
Sijui, namwambia.
Ananyamaza. Kisha, gizani:
"Basi utanieleza."

Jana jioni, Likokola alipokwisha kwenda,
niliigonga mizani ubavuni, nikapanda mwenyewe.
Nikaandika kwenye leja, mstari wa mwisho wa msimu:
Somoe Chinunda. Kilo sitini na nne. Daraja: halijapangwa.

Sasa ni saa kumi alfajiri.
Chuma cha shule bado kimelala.
Basi linanguruma stendi, begi liko kizingitini,
na nyumba nzima imejaa vikaratasi vyangu:
kwenye mtungi wa gesi, *funga kwa chini*;
kwenye dumu, *hii si ya kunywa*;
kwenye redio, *usiipige, ibembeleze*.
Jikoni nasikia makopo yakifunguliwa, yakifungwa,
yakifunguliwa tena.

"Somoe! Chumvi uliweka wapi?"

Vikaratasi arobaini,
na chumvi sikuiandika.